Kiingilio ni mia tano, mechi ni elfu nne

Kila msimu wa kusi ukifika, raga hutua kisiwani. Driftwood Sevens, duru ya Mombasa katika ligi ya kitaifa ya raga ya wachezaji saba kila upande, huchezwa pale uwanja wa Mombasa Sports Club, barabara ya Mnazi Mmoja. Wiki hiyo hiyo simu zetu hapa ofisini huanza kulia. Si watu wanaouliza nani atashinda. Ni watu wanaouliza pesa zao zimekwenda wapi.

Wengi huuliza Jumatatu. Na karibu wote huanza na sentensi moja: "Lakini kiingilio kilikuwa mia tano tu."

Hapo ndipo tunapotaka kubishana nawe leo, kwa heshima. Kiingilio si bei ya mechi. Kiingilio ni bei ya kupita getini. Bei ya mechi ni kitu kingine, na kwa raga hii ya saba kila upande bei hiyo hufuata saa utakazokaa pale. Tiketi ina sehemu ndogo sana katika hesabu.

Hebu fikiria mpira wa miguu. Unakwenda Mbaraki kuwatazama Bandari, dakika tisini, mapumziko robo saa, unanunua karanga za kuonjaonja, mechi inaisha, unarudi nyumbani kwa chakula cha mama. Njaa haijapata muda wa kukushika. Sasa mechi ya raga ya saba kila upande ni dakika saba, mapumziko kidogo, dakika saba tena, basi. Dakika kumi na nne. Ukiisikia hivyo unadhani ni kitu cha kupitia tu ukitoka dukani. Kumbe mechi moja ikiisha nyingine inaanza, timu kumi na kitu, makundi, robo fainali, nusu fainali, vikombe vya daraja la pili, siku mbili nzima. Unaingia saa tatu asubuhi, unatoka jua likizama. Ni saa tisa katika jua la Mombasa. Mtu haketi saa tisa bila maji wala chakula, na ndani ya uzio hakuna muuza viazi karai wa Kibokoni atakayekuuzia kwa bei ya Kibokoni.

Tuna jirani yetu mmoja huko Mji wa Kale, kijana anayeendesha tukutuku si yake. Jina lake tutamhifadhia, kwa sababu ametukubalia tuandike hesabu yake na mamake husoma kurasa hizi. Alikwenda Driftwood siku zote mbili. Tulikaa naye barazani, kahawa tungu mkononi, tukafungua simu yake tukasoma ujumbe mmoja mmoja wa malipo. Hakupenda. Sisi pia hatungependa. Lakini hesabu ndiyo hii.

Kiingilio cha siku mbili, mia tano, alilipa mapema. Usafiri mia sita kwa siku mbili. Hapa tulimcheka kidogo: dereva wa tukutuku akipanda tukutuku ya mwenzake! Jumamosi alichelewa akalipa mia na hamsini kwenda, na jioni akalipa mia mbili na hamsini kurudi, kwa sababu mechi ikiisha watu wote wanataka kuondoka kwa wakati mmoja na bei inapanda. Jumapili alikwenda kwa miguu, akarudi kwa mia mbili. Chakula na vinywaji ndani ya uwanja, siku zote mbili, elfu moja na mia nne. Jumamosi usiku marafiki wa Nairobi walisema wana njaa, na mwenyeji ni mwenyeji, akatoa mia sita. Mgeni njoo mwenyeji apone, wazee walisema, lakini huyu mwenyeji hakupona.

Halafu ikaja hesabu ya kutoa pesa. Alitoa kwa wakala mara nne, kidogo kidogo, mia mbili hapa, mia tatu pale. Kwa viwango vya M-Pesa vya tangu 2023, ambavyo Mombasa nzima inavijua kwa moyo, kutoa kiasi chochote kati ya sh 101 na sh 2,500 ni sh 29. Ukitoa elfu moja kwa mara moja ni 29. Ukiitoa kwa vipande vinne ni 116. Ni pesa ile ile, kwa wakala yule yule. Sh 87 zimekwenda kwa sababu kila alipotoa alijiambia hii ndiyo ya mwisho. Na ndani ya ada hizo mna ushuru wa serikali, ambao Sheria ya Fedha ya 2023 iliupandisha kutoka asilimia 12 hadi 15, kwa hiyo kila ukitoa vipande vipande unalipa na serikali vipande vipande.

Jumla: sh 3,216. Hapo bado hatujagusa kitu kikubwa.

Kitu kikubwa ni tukutuku. Siku mbili hizo alimpa mwenzake aendeshe. Mwenye tukutuku alipata hesabu yake kama kawaida, mwenzake akabaki na kilichozidi, jirani yetu akabaki na tiketi. Siku ya wikendi nzuri, baada ya mafuta na hesabu ya tajiri, yeye hubaki na kama mia sita. Siku mbili ni elfu moja na mia mbili. Pesa hii haionekani kwenye simu. Hakuna ujumbe unaokuja kukuambia "umepoteza sh 600 kwa kutofanya kazi leo". Lakini ukiiongeza, mechi ya mia tano imekuwa sh 4,416.

Tukimwambia hivyo akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Sasa we, ukihesabu hivyo si mtu hatatoka nyumbani?"

Swali zuri, na tutalirudia. Lakini kwanza jambo la siku ya kazi, kwa sababu si geni katika raga. Kuna raga ya aina nyingine, ya wachezaji 13 kila upande, ile inayoitwa rugby league, inayopendwa sana kaskazini mwa Uingereza na mashariki mwa Australia. Mchezo huo ulizaliwa kwa sababu ya mshahara wa Jumamosi. Katika miji ya viwanda na migodi ya Yorkshire na Lancashire, wachezaji walikuwa vibarua. Ukicheza Jumamosi hukulipwa kazini. Klabu zao zikataka ruhusa ya kuwafidia siku waliyopoteza, wakubwa wa chama kule London wakakataa kabisa: mchezo ni wa kuupenda, si wa kulipwa. Tarehe 29 Agosti 1895 klabu hizo zikakutana katika hoteli ya George mjini Huddersfield, zikajitenga, zikaanzisha chama chao. Mgawanyiko wote ule, mpaka leo michezo miwili na sheria mbili, ulianza na ugomvi juu ya nani analipa siku ya kazi iliyopotea.

Wale wachezaji walipata jibu lao. Shabiki hajawahi kupata. Mtu mwenye mshahara wa mwezi akienda uwanjani Jumamosi hapotezi kitu, siku hiyo ni yake. Mama anayeuza mahamri na mbaazi, kijana wa tukutuku, fundi wa Kuze, mbeba mizigo wa Marikiti, kwao Jumamosi ndiyo siku yenyewe. Kwa hiyo tiketi ya mia tano si mia tano kwa kila mtu. Kwa mtu wa ofisini ni mia tano. Kwa jirani yetu ilikuwa mia tano juu ya siku mbili za kazi. Tunapoambiwa raga ni "mchezo wa kina fulani" tunadhani ni lugha, ni vilabu, ni shule walizosoma. Kuna hayo. Lakini sisi tunaona kalenda nayo ina lawama zake.

Kuna na bei ya njia. Shabiki wa Nairobi akija Driftwood kwa treni ya SGR, daraja la kawaida ni sh 1,500 tangu Januari 2024, kabla ya hapo ilikuwa 1,000. Kwenda na kurudi ni elfu tatu, mara sita ya kiingilio tunachokihesabu hapa, na bado amefika Miritini, hajavuka kuingia kisiwani. Atalala wapi, atakula nini, hayo tumwachie mwenyewe. Watu wa pwani tunayajua maumivu hayo kwa upande wa pili. Mwaka 2019 Bandari walishinda kombe la shirikisho nchini wakapata kucheza Afrika. Uwanja wa manispaa ulikuwa umefungwa kwa ujenzi, basi mechi zao "za nyumbani" zikachezwa Kasarani. Nyumbani, kilomita zaidi ya mia nne kutoka nyumbani! Shabiki wa Mlango wa Papa aliyetaka kuiona timu yake ikicheza na Waarabu wa Sudan au Tunisia alilazimika kusafiri usiku kucha. Tiketi ya mpira ni rahisi, kweli. Lakini hebu muulize aliyepanda basi.

Ndiyo maana sisi tunasema, mtu wa kisiwani ana bahati na Driftwood ambayo hajaitumia. Timu zinazokwenda Nakuru kwa Prinsloo, Kisumu kwa Dala, Nairobi kwa Christie, zinakuja mpaka hapa, na wewe unaweza kwenda kwa miguu. Kutoka Ngome Yesu mpaka Mnazi Mmoja, ukitembea polepole, unasalimia watu njiani, ni kama nusu saa. Upepo wa kusi uko usoni. Hiyo peke yake ingemwokolea jirani yetu mia sita.

Sasa deni. Hapa ndipo tuna jambo la kuungama.

Jumamosi asubuhi jirani yetu alikuwa na sh 1,800 kwenye simu, baada ya kiingilio. Jumapili mchana zikaisha. Lakini simu haikumwambia zimeisha. Simu ilimwambia anaweza kuendelea. Alilipa soda kwa till, ikapita. Akalipa chakula, kikapita. Akalipa tukutuku, ikapita. Kila kilichopita baada ya hapo kilikuwa ovadrafti, sh 916, na ada yake juu. Jumatatu asubuhi dada yake akamtumia elfu moja na mia tano kutoka Malindi, za dawa za presha za mama. Pesa zikaingia, deni likajilipa lenyewe kwanza, kama inavyofanya ovadrafti ya simu siku zote, na kilichobaki hakikufika mia sita. Dawa ya mwezi ikawa dawa ya siku kumi. Zilizobaki alizitafuta kwa rafiki, na ilimchukua mpaka Alhamisi.

Hakuiba. Hakucheza kamari. Alikula wali na kunywa soda mbili akitazama raga.

Sisi ni watu wa masoko. Wengi wetu hapa tumesoma hii kazi chuoni, tukafundishwa kwamba wikendi ya mechi ni wakati wa kumfikia mteja akiwa na furaha, na kwamba mteja mwenye furaha haangalii salio. Ujumbe ule unaokuja Ijumaa jioni ukikuambia kiwango chako cha mkopo kimeongezwa hauji kwa bahati. Mtu fulani katika kampuni fulani amekaa mezani akachagua Ijumaa. Kampuni nyingi hufanya hivyo, na tungekuwa wanafiki tukisema sisi hatujawahi kukaa kwenye meza ya namna hiyo. Na tunajua pia kwamba ukitoa pesa mara nne badala ya moja, kuna mtu anapata ada mara nne. Kwa hiyo tukikushauri leo uzime ovadrafti wikendi ya mechi, jua kwamba tunajishauri dhidi ya mifuko yetu. Zima hata hivyo. Ijumaa usiku izime, Jumatatu uiwashe ukitaka. Salio likisema sifuri na iwe sifuri kweli. Utaudhika getini kwa dakika mbili, na itakuwa afadhali kuliko kuudhika duka la dawa.

Jambo lingine ni la waandaaji, na tunawaambia kwa mapenzi, maana tunaupenda mchezo. Uzeni tiketi ya Jumapili peke yake, kwa bei ya Jumapili peke yake. Mtu wa biashara ndogo anaweza kufunga siku moja, hawezi mbili. Uzeni mapema na mkubali watu walipe kidogo kidogo kwa simu, mia leo, mia wiki ijayo. Watu wetu wanajua kulipa hivyo, vyama vya kina mama vya hapa Mji wa Kale vimenunua masufuria, vitanda na hata safari za Umra kwa mtindo huo huo, sembuse tiketi. Na wekeni bomba la maji ya bure ndani. Maji ya mia moja kwenye jua kama lile ni sawa na kiingilio cha pili, tofauti yake ni kwamba mnakitoza kimya kimya.

Mashabiki nao, jamani, tuache kununua tiketi kwenye magrupu ya WhatsApp. Binamu wa mmoja wetu alituma elfu moja kwa nambari ya mtu binafsi, akatumiwa picha ya tiketi mbili zenye ule mchoro wa kuskani. Alipofika getini mashine ikasema zimeshatumika. Picha moja ilikuwa imeuzwa kwa watu sijui wangapi. Ukilipa kwa nambari ya till, jina la biashara linakutokea, na kwa kawaida mteja hukatwi ada ya kutuma. Ukituma kwa mtu binafsi, akishazitoa, kuzirudisha ni kazi ngumu, hata ukitupigia simu ukilia. Tunasikitika nawe kwa dhati, lakini pesa zimekwenda.

Turudi kwa lile swali la barazani. Ukihesabu hivi, si mtu hatatoka nyumbani?

Hapana, bwana. Sisi tunataka utoke. Mwaka 2016 Kenya ilipoipiga Fiji 30 kwa 7 katika fainali ya Singapore, tuliiona kwenye televisheni, tukaruka, tukakumbatiana na watu tusiowajua. Ilikuwa raha. Lakini televisheni haikupi mshindo wa mabega mawili yakigongana mita tano kutoka ulipo, wala wale wachezaji warefu wakipita mbele yako na mchanga wa Mnazi Mmoja magotini. Mtoto wa Mji wa Kale aliyeiona raga kwa macho ana wazo jipya kichwani kuhusu mwili wake unaweza kufanya nini. Hilo tunaliona lina thamani ya pesa. Tunachokataa ni kulipia kwa dawa ya mama.

Kwa hiyo anza na saa. Jiulize utakaa saa ngapi, si tiketi ni ngapi. Tuliporudia hesabu ya jirani yetu kwa siku moja badala ya mbili, aingie saa saba mchana akishakula nyumbani, maji yake akinywa ya kutosha kabla ya kuingia, aende na kurudi kwa miguu pamoja na wenzake wa mtaa, atoe pesa mara moja tu asubuhi, na wale wa Nairobi wajilipie, ilitoka chini ya elfu moja na mia tano, na tumeiweka ndani na nusu siku ya kazi iliyopotea. Elfu moja na mia tano bado ni pesa. Lakini ni pesa ya mtu kujipangia, mia mbili kila wiki kwa wiki saba na kitu, akaiweka kwenye akaunti ya kufungia ya simu ambako hawezi kuigusa akiona jezi nzuri.

Kama hata hiyo ni nyingi, Mombasa RFC hucheza mechi zao za nyumbani pale pale Mombasa Sports Club msimu wa ligi ya wachezaji kumi na tano. Ni mechi moja, alasiri moja, umati mdogo, na unasikia kocha akigomba. Wachache wetu tunaipenda hiyo kuliko Driftwood yenyewe, ingawa tukisema hivyo ofisini tunazomewa.

Jirani yetu tumemsomea makala haya kabla ya kuyachapisha. Alisahihisha mambo mawili: ilikuwa soda tatu, si mbili, na mamake hajambo. Msimu huu ameamua atakwenda Jumapili peke yake, mchana, kwa miguu. Jumamosi yuko kazini. Ataegesha tukutuku karibu na geti saa kumi na mbili jioni, mechi ikiisha, na bei kutoka pale mpaka mjini, alituambia bila aibu, itakuwa mia mbili na hamsini.